Heshima Iliyochelewa Kufika Fisk

Chuo hakiwezi kujianzishia tawi la Phi Beta Kappa, hata kiwe na fedha kiasi gani. Wanaoomba hati ya tawi ni walimu wa chuo hicho ambao wao wenyewe ni wanachama, waliochaguliwa huko walikosoma. Maombi yao yakipokewa, chuo huchunguzwa: maktaba ina vitabu gani, maabara zikoje, walimu wamesoma wapi na wanatunzwaje, na mwanafunzi anaweza kujifunza nini zaidi ya fani ya kumpatia mkate. Kisha wajumbe wa matawi yote, wanaokutana kila baada ya miaka 3, hupiga kura. Nimeanza na utaratibu huu kwa sababu ndimo ilimo historia yote ya tawi lililonipokea mimi, tawi la Chuo Kikuu cha Fisk, mjini Nashville, jimbo la Tennessee. Chuo kilichojengwa kwa ajili ya watoto wa watumwa kingewapata wapi walimu waliokwisha kuheshimiwa na vyuo vya mabwana?

Phi Beta Kappa ni jumuiya ya heshima ya kitaaluma, kongwe kuliko zote Marekani. Ilianzishwa tarehe 5 Desemba 1776 na wanafunzi wachache wa Chuo cha William and Mary, Williamsburg, Virginia, miezi 5 tu baada ya nchi yao kutangaza uhuru. Ilikuwa jumuiya ya siri, na vijana wale walikutana kujadiliana mambo ambayo darasani hayakuwa na nafasi. Virginia wakati huo ilikuwa nchi ya watumwa, na chuo chenyewe kilikuwa na watumwa wake. Hati zilitolewa mapema kwa Yale na Harvard, na ilikuwa heri, maana mwaka 1781 vita viliposogea Williamsburg tawi la kwanza lilivunjika, na jumuiya ikabaki hai kwa sababu ya matawi yake ya kaskazini. Harvard waliachana na usiri mwaka 1831. Polepole klabu ya mijadala ikageuka kuwa alama ya usomi, na leo ina matawi zaidi ya 280. Wanawake wa kwanza walichaguliwa Chuo Kikuu cha Vermont mwaka 1875. Hapo hapo Vermont, mwaka 1877, akachaguliwa George Washington Henderson, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Virginia, jimbo lile lile la jumuiya yenyewe. Edward Bouchet, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu katika chuo cha Marekani, aliyoipata Yale katika fizikia mwaka 1876, alichaguliwa na tawi la Yale mwaka 1884.

Kwa hiyo mtu mmoja mmoja aliweza kupenya, akiwa amesoma kaskazini, kati ya weupe. Chuo cha watu weusi kizima kizima, na maktaba yake na walimu wake, hicho kilikuwa jambo jingine.

Nilifika Nashville mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikitokea Tanga, kusoma kemia. Sehemu ya ada ilibebwa na ufadhili, sehemu na michango ya ukoo, na ya kula nikaitafuta mwenyewe. Mwanafunzi wa kigeni huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo, tena kwa saa chache za wiki, nami nikapata ya maktaba, kwenye chumba cha makusanyo maalumu. Ilikuwa kazi ya kukaa kitako. Unatoa barua kwenye jalada lililochakaa, unang'oa pini iliyoshika kutu bila kuichana karatasi, unaihamishia barua kwenye jalada jipya lisilo na asidi, kisha unaandika ubavuni kwa penseli ni nini kilichomo. Kalamu ya wino hairuhusiwi kuvuka mlango wa chumba kile. Msimamizi wangu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Nashville, aliyesoma hapo hapo Fisk. Wenzangu walimwita kwa cheo na jina la ukoo. Mimi, kwa malezi ya kwetu, nilimwita Mama, naye akaitika tangu mara ya kwanza. Simtaji jina kwa kuwa hakuwa mtu wa kupenda kutajwa.

“Soma kwanza, binti, ndipo uhifadhi,” aliniambia. “Hutajua karatasi inakaa wapi kama hujui inasema nini.”

Yeye ndiye aliyenisimulia habari za tawi kabla sijazisoma popote. Alikuwa na kiufunguo kidogo cha dhahabu alichokivaa kwenye mkufu siku za sherehe. Nilikiomba nikitazame. Upande mmoja zipo herufi tatu za Kigiriki, nyota tatu pembeni, na mkono mdogo unaonyosha kidole kuzielekea. Nyota hizo ni urafiki, maadili na elimu. Upande wa pili zipo herufi S na P, na ile tarehe ya 1776. Zamani ilikuwa medali ya mraba tu, baadaye ikaongezewa kijiti ili mwenyewe aweze kuitumia kutia saa yake ufunguo. Ukishajua hivyo unaelewa kwa nini alama ya wasomi wa Marekani ina umbo la kifaa cha mfukoni.

“Chuo hiki kilipata hati mwaka 1953,” Mama alisema. “Lakini usianzie huko. Anzia kwenye minyororo.”

Shule ya Fisk ilifunguliwa Januari 1866, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimekwisha miezi michache tu nyuma, katika majengo yaliyokuwa hospitali ya jeshi la kaskazini. Waliokuja kusoma walikuwa watoto na watu wazima waliotoka utumwani juzi, wengine wazee kabisa, wote wakianza na herufi. Vitabu havikuwepo. Zikakusanywa pingu na minyororo yenye kutu iliyobaki kwenye zizi la kuuzia watumwa mjini, zikauzwa kama chuma chakavu, na kwa fedha hiyo vikanunuliwa vitabu vya kujifunzia kusoma na Biblia. Nimesikia simulizi nyingi za mwanzo wa shule, za Afrika na za kwingine, na sijasikia inayoizidi hii. Tena si hekaya ya kupamba. Ndivyo chuo kinavyoieleza historia yake.

Miaka 5 baadaye madeni yakataka kukizamisha chuo. Mhazini wake, George White, ambaye pia alifundisha muziki, akaondoka na wanafunzi wachache tarehe 6 Oktoba 1871 kwenda kuimba kaskazini ili kutafuta fedha. Hao ndio Fisk Jubilee Singers. Waliimba nyimbo ambazo wazazi wao waliziimba mashambani kwa siri, wakavuka bahari hadi Uingereza, wakaimba mbele ya Malkia Victoria, na kipato chao kikajenga Jubilee Hall, jengo lililokamilika mwaka 1876 na ambalo bado linasimama kilimani. Kila tarehe 6 Oktoba masomo husimama. Chuo kizima huenda kanisani, kisha makaburini walikozikwa baadhi ya waimbaji wale, na hapo waimbaji wa leo huimba bila ala yoyote. Mtu aliyetoka kwetu, aliyezoea ziara za makaburi na dua, hahitaji kufafanuliwa kinachofanyika pale.

Sasa kuna kipindi ambacho wasimulizi wengi wa Fisk hukipita haraka, nami nataka nikae nacho kidogo. Kuanzia mwaka 1915 mkuu wa chuo alikuwa Fayette McKenzie, mzungu, mtu wa bidii. Alitaka Fisk itambuliwe kama chuo kamili, akainua viwango vya masomo, akazunguka kwa matajiri wa kaskazini kutafuta mfuko wa kudumu wa dola milioni moja. Bei ya fedha hiyo ililipwa na wanafunzi. Baraza lao lilivunjwa, gazeti lao likafungwa, mavazi ya wasichana yakapangiwa sheria kali, na tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, likakataliwa, yote ili wafadhili wasitie shaka kwamba chuo kinalea wakaidi. Juni 1924 W.E.B. Du Bois, aliyehitimu Fisk mwaka 1888 na ambaye binti yake alikuwa akihitimu msimu ule, alipewa jukwaa akasema yote hayo waziwazi, mkuu wa chuo akiwa ameketi hapo hapo akimsikiliza. Februari 1925 wanafunzi wakaandamana usiku, polisi wa Nashville wakaitwa chuoni, na wanafunzi wakagoma kuingia madarasani kwa wiki kadhaa. Aprili McKenzie akajiuzulu.

Nilimuuliza Mama: je, huyu naye yumo katika historia ya tawi? Viwango alivyoviinua ndivyo vilivyokuja kupimwa. Alinyamaza kidogo, kisha akanijibu kwamba wanaohesabu matofali hawaulizi nani alichapwa wakati wa kuyafyatua, ila sisi tunaofuata tuna wajibu wa kuuliza. Mimi naongeza langu. Mgomo ule wenyewe ulikuwa sehemu ya viwango. Wanafunzi waliokataa kuvumilia chuo kisicho na gazeti wala baraza walikuwa wanadai kitu kile kile ambacho Phi Beta Kappa ilianzishiwa, yaani haki ya vijana kukaa pamoja na kujadili mambo yao.

Aliyefuata, Thomas Elsa Jones, alikuja 1926 na mkono mwepesi zaidi. Mwaka 1930 Fisk ikawa chuo cha kwanza cha watu weusi kupewa alama ya juu na chama cha ithibati cha majimbo ya kusini. Mwaka huo huo ikafunguliwa maktaba kubwa mpya, na mchoraji Aaron Douglas akapaka kuta zake picha za vivuli vya watu wanaotoka Afrika, wanaopita utumwani, wanaofika kwenye elimu. Siku hizi jengo lile ni la utawala na linaitwa Cravath Hall. Ukienda kulipa ada unasimama foleni chini ya safari ya watu wako. Mimi nilifanya hivyo muhula hadi muhula, na sijui mahali pengine ambapo mwanafunzi aliyekuja na noti za michango ya ukoo anapokewa hivyo.

Lakini jengo si maktaba bado, na maabara si meza zake. Kinachonigusa katika historia hii ni watu waliokaa. Jengo letu la kemia linaitwa Talley-Brady. Thomas Talley alikuwa mwalimu wa kemia, na pia mtu aliyekusanya mashairi na nyimbo za watoto na wakulima weusi wa kusini, akazitoa katika kitabu mwaka 1922. Mwanafunzi wake St. Elmo Brady alihitimu Fisk mwaka 1908, na mwaka 1916 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu ya kemia, kutoka Chuo Kikuu cha Illinois. Angeweza kuishia huko. Alirudi kusini kufundisha, na kuanzia 1927 hadi 1952 aliongoza idara ya kemia ya Fisk, robo karne nzima, akafungua masomo ya uzamili ya kemia ambayo hayakuwa yamefunguliwa katika chuo chochote cha watu weusi. Alistaafu mwaka mmoja kabla hati haijafika. Katika fizikia alikuwepo Elmer Imes, mhitimu mwingine wa Fisk, mwenye uzamivu wa Michigan wa mwaka 1918, aliyerudi kuijenga idara kuanzia 1930 hadi alipofariki mwaka 1941. Maktaba, kuanzia mwaka 1943, ilikuwa mikononi mwa Arna Bontemps, mshairi na mwandishi wa riwaya aliyekwenda kusomea ukutubi ili aifanye kazi ile kwa ujuzi. Alikaa zaidi ya miaka 20, akikusanya karatasi za waandishi weusi wakati ambapo maktaba nyingine kubwa hazikuziona kuwa na thamani. Majalada niliyokuwa nikiyasafisha, mengi yalipita mikononi mwake.

Hawa ndio walioandika maombi ya tawi, kwa maana halisi ya kazi, hata wale ambao saini zao hazimo. Mtu anapoambiwa chuo kimepata hati, hudhani ni habari ya barua moja na kikao kimoja. Kumbe ni miaka 25 ya mwalimu mmoja kukataa kuhama.

Wala vyuo vya watu weusi havikukaa kungoja mlangoni. Mwaka 1937, pale pale Nashville, katika chuo jirani cha Tennessee A&I, ilianzishwa Alpha Kappa Mu, jumuiya ya heshima ya vyuo hivyo vyenyewe, kwa sababu jumuiya zilizokuwepo hazikuwa zikiwafungulia. Nasema hili kwa wale wanaoona kutambuliwa na wengine kama ndiyo mwanzo wa thamani. Wanafunzi bora walijulikana, waliheshimiwa, na walivishwa alama ya usomi wao miaka 16 kabla Phi Beta Kappa haijapiga kura yake.

Miaka ya mwisho ya kungojea ina kisa kimoja ambacho kila nikikikumbuka kinanikera upya. Mwaka 1950 alikuja Fisk mwalimu wa hisabati, Evelyn Boyd. Alikuwa amehitimu Chuo cha Smith mwaka 1945 kwa daraja la juu kabisa na kuchaguliwa Phi Beta Kappa huko huko. Mwaka 1949 akapata uzamivu wa hisabati Yale, miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza kabisa Marekani kufikia hapo. Mwalimu wa aina yake ndiye hasa utaratibu ule unamtaka: mwenye ufunguo tayari. Mwaka 1951 chama cha wanahisabati kilifanya mkutano wa kanda mjini Nashville. Boyd alikwenda pamoja na mkuu wa idara yake, Lee Lorch, ambaye alikuwa mzungu, na wenzao wawili weusi. Waliruhusiwa kusikiliza mada. Chakula cha jioni cha kufunga mkutano wakakataliwa, ingawa nafasi walikuwa wamekwisha kuweka. Mwanamke aliyevaa heshima ya juu ya wasomi wa nchi yake hakuweza kula meza moja na wasomi wenzake, umbali mfupi kutoka darasani kwake. Boyd aliondoka Fisk mwaka 1952. Katika muda ule mfupi alikuwa ameshawafundisha Vivienne Malone na Etta Falconer, wasichana waliokuja kupata uzamivu wa hisabati.

Aprili 1953 hati ikafika. Fisk na Howard ya Washington vikawa vyuo vya kwanza vya watu weusi kuwa na tawi la Phi Beta Kappa, miaka 177 baada ya jumuiya kuanzishwa. Mkuu wa chuo wakati ule alikuwa Charles S. Johnson, mwanasosholojia, mtu mweusi wa kwanza kuiongoza Fisk. Morehouse ya Atlanta ilifuata mwaka 1968. Spelman, chuo cha wanawake jirani na Morehouse, ilipata yake mwaka 1998, na huko ndiko Etta Falconer alikofundisha sehemu kubwa ya maisha yake. Unaona jinsi uzi unavyokwenda: Boyd kutoka Smith, Falconer kutoka kwa Boyd, na wasichana wa Spelman kutoka kwa Falconer.

Ningependa kuishia kwenye furaha hiyo, lakini Mama hakuniruhusu kuishia hapo na mimi simruhusu msomaji. Lee Lorch, mwalimu wa wasichana wale, aliitwa mwaka 1954 mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti, akakataa kujibu maswali juu ya siasa zake. Mwaka 1955 bodi ya Fisk ikakataa kumwongezea mkataba. Tawi lilikuwa na miaka miwili tu. Heshima iliyotolewa kwa chuo kinachopenda ukweli haikutosha kumkinga mwalimu aliyeusema kwa vitendo. Alihamia Little Rock, Arkansas, na mke wake Grace ndiye aliyesimama mwaka 1957 kumsindikiza msichana mweusi Elizabeth Eckford, aliyezingirwa na umati nje ya shule iliyokuwa ya weupe. Fisk ilipoteza, na nadhani ni haki kulisema hilo katika historia ya tawi, kwa sababu tawi linaloandika ushindi wake peke yake halifai kuitwa la wasomi.

Mwaka 1958 tawi lilimchagua Du Bois. Alikuwa na miaka 90, na ilikuwa miaka 70 tangu ahitimu pale. Katikati yake alikuwa amesoma Harvard na Berlin, ameandika vitabu ambavyo dunia inavisoma, ameshtakiwa na serikali yake na kuachiwa, na kunyang'anywa pasipoti. Kijana aliyekuwa mhariri wa gazeti la wanafunzi na aliyekwenda likizo kufundisha watoto wa vijijini Tennessee alipewa ufunguo akiwa kikongwe, na chuo chake, si na Harvard. Miaka 3 baadaye alihamia Ghana, akafia Accra mwaka 1963. Mkewe, Shirley Graham Du Bois, alikuja kuandika kitabu juu ya Julius Nyerere kilichotoka mwaka 1975. Nilikikuta rafuni nikiwa natafuta kitu kingine, nikakisoma siku hiyo hiyo nikiwa nimesimama. Kumwona Mwalimu pale, mbali na nyumbani namna ile, kulinipa nguvu ya muhula mzima.

Na yupo John Hope Franklin. Alihitimu Fisk mwaka 1935, wakati hapakuwa na tawi la kumchagua. Alifika akitaka sheria, akageuzwa na mwalimu wake wa historia, Theodore Currier, mzungu kijana ambaye fedha za Harvard zilipokosekana alikwenda benki akakopa dola 500 kwa jina lake mwenyewe na kumkabidhi mwanafunzi wake. Franklin akawa mmoja wa wanahistoria wakubwa wa Marekani, na kuanzia 1973 hadi 1976 akawa rais wa Phi Beta Kappa yote, ya matawi yote. Mama alipofika hapa alikuwa akirudia mara mbili: dola 500, kwa jina lake mwenyewe.

Mimi nilipata barua katika mwaka wangu wa mwisho. Heshima hii huiombi. Hakuna fomu ya kujaza wala usaili. Walimu wanachama hukaa, hutazama ulichosoma, nao hawatazami alama peke yake. Hutazama kama mwanakemia aligusa fasihi, lugha, historia, hisabati. Wanaochaguliwa hawafiki sehemu moja ya kumi ya darasa. Kwa mtu aliyekulia kwenye desturi yetu ya kushika namba, ya majina kusomwa paredi kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, jambo lililonishtua ni kwamba hatukupangwa. Tuliitwa kwa herufi za majina. Sikujua, na sijui hadi leo, kama nilikuwa wa kwanza au wa mwisho kati yetu. Tulitia saini kwenye daftari la tawi mmoja baada ya mwingine, na Mama, aliyekuwa amesimama nyuma akiwa na mkufu wake, aliniambia nigeuze kurasa nyuma kidogo kabla sijaondoka, nitazame mwandiko wa waliotangulia. Nilipompigia baba simu, swali lake la kwanza lilikuwa: “Umeshika namba ngapi, mwanangu?” Nikamweleza. Alitafakari, akasema, “Basi hao wamekuona wewe, hawajaona namba.”

Nilirudi nyumbani, na kwa miaka mingi sasa nafundisha katika chuo cha ualimu ambacho sitakitaja. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora wa kitaifa. Watu wengi walilalamika kwamba tunaua ushindani. Mimi niliunga mkono, lakini nikawa na shaka na kimya kilichofuata, maana kuacha kuwapanga watoto ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuwapa kitu cha kuheshimiwa nacho, na hilo hutokana na walimu wanaokaa na rafu zilizojaa. Wahitimu wetu wa zamani walipokuja na fedha za kuanzisha tuzo ya mwanafunzi bora wa mwaka, yenye kikombe, cheti na bahasha, niliwasimulia habari za Brady na Bontemps. Mzee mmoja kati yao, mkaguzi wa shule mstaafu, alinisikiliza hadi mwisho akauliza, “Sasa mwalimu, unataka tumnyime mtoto kikombe chake?”

Nikamjibu, “Hapana, mzee wangu. Nataka kwanza awe na mahali pa kusomea usiku.”

Tulibishana vikao viwili. Walikuwa na hoja ya kweli: mfadhili hupenda kupiga picha na mtoto, hapendi kupiga picha na rafu. Mwishowe walikubali kugawa. Sehemu kubwa ya fedha imenunua vitabu vya kemia na fizikia vya miaka ya karibuni, taa, na betri za jua kwa ajili ya siku za mgao wa umeme. Sehemu ndogo ni ya kuwatambua wanafunzi kadhaa kila mwaka, bila namba, na wanaowachagua ni walimu wao. Tumetaka walimu hao waandike, kwa kila mwanafunzi, amesoma nini nje ya fani yake. Hapo ndipo tulipokwama kwa sasa, kwa sababu ratiba ya chuo haimwachii mwanafunzi wa sayansi hata kipindi kimoja cha kusoma kitu kingine, na mkuu wa taaluma ametutaka tulete pendekezo kwa maandishi kabla ya muhula ujao kuanza.